Maji Moto ya Mlima Elgon: Jinsi ya Kufika, Kuoga na Kurudi Kabla ya Giza

Mtu akisikia unaenda Mlima Elgon, swali la kwanza ni kilele: kina mita ngapi, na utafika? Kwa anayeingilia upande wa Kenya, mimi husema kilele kinaweza kungoja. Koitoboss ni jabali zuri, bapa juu kama meza, karibu mita 4,200, lakini majabali mazuri Kenya yako tele. Kilicho adimu kiko nyuma yake, ukishuka ndani ya kasoko, lile shimo kubwa la volkeno: chemchemi za maji moto za Suam, nyuzijoto 48, zinazochimbuka mahali mto unapotafuta njia ya kutoka mlimani kupitia korongo. Mwongozo huu umepangwa kuanzia hayo maji. Siku ya kwenda, pa kulala, saa ya kuamka, vyote vinahesabiwa kutoka majini kurudi nyuma.

Hesabu hiyo nilifunzwa na makosa. Mara ya kwanza nililala chini kabisa karibu na lango, nikapanda kwa gari asubuhi, nikaanza kutembea saa tatu, nikapitia kileleni kupiga picha, na kufikia maji saa tisa alasiri. Nikaoga kama mtu aliyelipia hoteli. Tulipoanza kupanda kurudi kwenye ukingo wa kasoko mvua ya mawe ilitukuta, na sehemu ya mwisho tuliitembea gizani, watu wanne kwa tochi moja. Askari aliyetusindikiza hakulaumu wala hakunung'unika. Alisimama mara moja tu, akainua mkono, akanong'ona, "Nyati." Tulisimama pale, naona ni dakika kumi, tukisikiliza kitu kizito kikitafuna nyasi.

Ujue unaingia mlima wa aina gani

Elgon ni volkeno iliyozimika, kongwe kuliko Kilimanjaro na Mlima Kenya. Zamani huenda ilikuwa ndefu kuliko ilivyo leo, lakini imechakaa. Kimo chake cha sasa kisikudanganye: kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi, ndiyo maana ukiwa Kitale huoni mlima wenye ncha, unaona ardhi imeinuka polepole mpaka ikaingia mawinguni. Juu kuna kasoko kubwa, shimo pana lenye vilele ukingoni mwake. Kirefu kuliko vyote, Wagagai wa mita 4,321, kiko Uganda. Koitoboss kiko Kenya. Mpaka wenyewe unapita katikati ya mlima na kuteremka ukifuata Mto Suam.

Kenya ilitangaza upande wake kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, eneo la kilomita za mraba 169. Uganda ilifanya hivyo miaka ya 90 mwanzoni, na mbuga yake ni kubwa mara kadhaa. Mlimani humo ni kwao Wasabaoti na Waogiek upande wa Kenya, Wasebei na Wamasaba upande wa Uganda. Wamasaba huuita mlima wote Masaba. Jina Elgon lenyewe limetokana na Wakony, tawi la Wasabaoti. Nayasema haya kwa sababu utakutana na watu njiani, na mzee wa Endebess, mji mdogo ulio njiani kuelekea mbugani, hutamfurahisha ukimwambia umekuja "kugundua" mapango ambayo babu zake walifungia ng'ombe. Joseph Thomson, msafiri kutoka Skotlandi, alipopita hapa mwaka 1883 alikuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao.

Chagua mwezi kabla ya kuchagua wenzako

Desemba, Januari, Februari. Machi mwanzoni bado inafaa. Aprili mvua huanza Trans Nzoia, na kwa mkulima wa mahindi hizo ni habari njema, lakini barabara ya ndani ya mbuga ni udongo, na udongo wa Elgon ukilowa hata gari zuri linateleza kando kama sabuni sakafuni. Nimewahi kukaa saa nne nikikata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Gari halikuwa baya. Ubaya ulikuwa mwezi wa Mei, na mimi niliyeuchagua.

Hata kiangazi, mawingu huja mchana. Asubuhi anga ni safi, kufikia saa saba ukungu unapanda kutoka Uganda, na saa tisa huoni mtu aliye hatua hamsini mbele yako. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa umeshaoga na kuvaa kufikia adhuhuri.

Kitale: lipa, nunua, uliza

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni kilomita 380 hivi, safari ya mchana mzima kwa basi. Ukitaka kupunguza, panda ndege hadi Eldoret kisha umalizie kwa matatu. Lala Kitale usiku wa kwanza. Usijaribu kuunganisha moja kwa moja mpaka mbugani, utafika umechoka na lango limefungwa.

Kazi ya Kitale ni nne. Ya kwanza ni malipo: ada za mbuga hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakuna atakayepokea noti zako langoni. Zilipe ukiwa mjini penye mtandao mzuri, na uweke risiti kwenye simu kama picha, kwa sababu langoni mtandao huja na kuondoka. Ada hubadilika na hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, kwa hivyo soma kiwango cha siku hiyo hapo hapo kwenye tovuti. Beba kitambulisho halisi. Mkenya asiye nacho anaweza kutozwa kama mgeni, na kubishana na karani hakujawahi kusaidia mtu.

Ya pili ni askari wa kusindikiza. Kwa miguu huendi bila askari mwenye silaha wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, na hata sheria isingekuwepo ningekushauri hivyo hivyo, maana nyati na ndovu wanatembea njia zile zile unazotembea wewe. Piga simu mapema, useme wazi kuwa unataka kufika kwenye maji moto na kurudi siku hiyo hiyo, si Koitoboss peke yake. Ukisema "Koitoboss" tu utapewa askari aliyejiandaa kwa nusu siku.

Ya tatu ni chakula. Soko la Kitale lina kila kitu: nduma, viazi vitamu, mayai, parachichi, ndizi. Jambo moja wengi hawalifikirii: kwenye mita 3,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto 88 hivi, hayafiki 100. Chai itakuwa sawa, wali utakuwa mgumu kidogo, lakini maharagwe makavu utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yatagongana kwenye sufuria. Beba githeri iliyoiva tayari, au chapati na mayai ya kuchemsha. Chapati zikipoa kule juu zinakuwa kama ngozi, kwa hivyo zifunge kwa kitambaa na uzilaze ndani ya koti usiku.

Ya nne ni nguo. Usiku wa juu hushuka chini ya sifuri na asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa jalidi. Ukitoka Mombasa au Kisumu bila sweta ya maana, ingia mitumba ya Kitale. Utapata sweta ya sufu, kofia na glavu kwa pesa kidogo kuliko chakula cha mchana cha Nairobi. Nunua soksi za akiba. Kuhusu viatu, wenyeji hupanda na gamboti, na kwa matope ya msituni wako sahihi. Lakini kushuka ndani ya kasoko na kupanda tena, gamboti itakumenya visigino. Vaa buti za kufunga kamba ambazo umeshazitembelea nyumbani angalau wiki mbili.

Ongeza taulo jembamba au leso, na nguo ya ndani kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Hiyo nguo kavu ndiyo itakayokuokoa, nitaeleza kwa nini.

Siku ya kwanza mbugani: msitu na mapango

Lango kuu ni Chorlim, chini kidogo ya kilomita 30 kutoka Kitale kupitia Endebess. Matatu za Endebess ni nyingi, na kutoka pale unamaliza kwa boda boda. Hiyo inamtosha anayetaka mapango tu. Anayetaka maji lazima apate gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, kwa sababu kutoka langoni hadi mwisho wa barabara ya juu ni karibu kilomita 30 za kupanda. Gari dogo kama Probox litakufikisha Chorlim kwa heshima na litaishia hapo. Hapo kwanza, langoni, kubalianeni na dereva kama atalala nanyi juu au atarudi kuwachukua, na saa ngapi. Iandikeni.

Lala Kapkuro, kwenye vibanda vya KWS vya kujipikia, au kwenye kambi za hema zilizo karibu na lango. Mchana wa siku hii ni wa kutembea taratibu. Msitu wa chini ndio unaonifanya nirudi kila mwaka: podo na mitarakwa ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, na mtiki wa Elgon, ambao jina lake ni la kupotosha kwa kuwa kwa nasaba ni ndugu ya mzeituni. Mbega hukaa juu wakiwa na mikia meupe iliyoning'inia kama taulo zilizoanikwa. Ukisimama kimya utamsikia mmoja akianza kuunguruma, wa pili akajibu, kisha bonde zima.

Mapango ni manne yanayotembelewa: Kitum, Making'eny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum ndilo lenye jina, kwa sababu ya ndovu. Usiku huingia ndani gizani kabisa, wakipapasa kwa mkonga, mpaka mwisho wa pango ulio mita 150 na zaidi kutoka mlangoni, wakachimba ukuta kwa pembe na kula vipande vya mwamba wenye chumvi. Msitu wa mlimani una mvua nyingi na chumvi kidogo, na ndovu amekuja dukani. Mikwaruzo ya pembe utaiona ukutani, mipya juu ya mizee, mingine juu kuliko kichwa cha mtu mrefu.

Sasa neno la afya, na nitalisema bila kuzungusha. Mwaka 1980 na tena 1987, watu wawili waliotembelea Kitum waliugua homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi ulio ndugu wa Ebola, wakafa. Miaka ya baadaye virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa matunda wa pango hilo hilo. Maelfu ya watu wameingia na kutoka salama, na waongozaji wengine watakucheka ukiuliza. Mimi huishia mlangoni. Kutoka pale unaona ukuta wa mbele, unaona alama za ndovu, na hukanyagi mbolea ya popo. Ukiamua kuingia, vaa barakoa inayobana vizuri na glavu, usiguse kuta wala kinyesi, usile chochote mpaka umenawa, usimpeleke mtoto, na ukipata homa ndani ya wiki tatu mwambie daktari moja kwa moja kwamba ulikuwa pangoni Elgon. Usimwachie abahatishe malaria.

Making'eny ndilo ningekushauri upeleke macho yako. Maji huanguka mbele ya mdomo wake kama pazia, na kwa uzuri linashinda Kitum mbali. Kanuni ya popo ni ile ile. Muda ukibaki, panda Endebess Bluff jioni uone mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia yamekatwa vipande vipande hadi macho yachoke.

Usiku huo kunywa maji mengi, ule vizuri, ulale mapema. Bia iache Kitale.

Siku ya pili: usikimbilie juu

Hapa ndipo wengi huharibu. Kutoka Kapkuro, kwenye mita 2,100 na kitu, gari linaweza kukufikisha mita 3,500 ndani ya saa tatu. Gari haliumwi kichwa, wewe utaumwa. Ondoka asubuhi, lakini usimame. Simama kwenye mianzi, uteremke, utembee nusu saa na askari. Simama tena miti inapoanza kuwa mifupi na kuvaa ndevu za kijivu. Kula mchana njiani, na ufike kambi ya juu, mwisho wa barabara, kama saa tisa ukiwa bado na nguvu za kusimamisha hema na kutembea kidogo kupanda na kushuka. Kupanda kidogo juu ya kambi kisha kushuka kulala husaidia mwili.

Kuumwa kichwa kidogo usiku wa kwanza juu ni kawaida. Kunywa maji, chai ya tangawizi, lala ukiwa umeinua kichwa. Lakini mtu akianza kutapika, akakataa chakula kabisa, au akatembea kama mlevi bila kunywa, safari yake imeisha: gari liwashwe ateremshwe usiku huo huo, si kesho. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba amuone daktari kabla hata ya kulipa ada.

Pika kwa gesi. Usiwashe kuni, kwa sababu nyasi za juu kiangazi ni baruti. Maji ya vijito ni baridi na yanapendeza, lakini yachemshe au yachuje, nyati naye anakunywa hapo.

Ukitoka nje usiku kujisaidia, toka na tochi, mulika pande zote kwanza, na usiende mbali. Adabu itakuelewa.

Siku ya tatu: hesabu ya saa

Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu. Unataka kuwa kwenye gari saa kumi na moja jioni, na ile saa moja na nusu iliyobaki iwe ya dharura. Kutoka ukingo wa kasoko hadi kambini kwa mteremko ni saa mbili: uwe ukingoni saa tisa. Kutoka majini kupanda hadi ukingoni ni karibu mita 500 za kimo, na utazipanda mwili ukiwa umelegea: zipe saa tatu. Basi unaondoka majini saa sita kamili. Ukitaka saa moja na nusu ya kuoga, kula na kukaa tu, fika saa nne na nusu. Kutoka ukingoni kushuka ni saa mbili, uwe ukingoni saa mbili na nusu. Kutoka kambini kupanda ukingoni ni saa tatu. Unaanza kutembea saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hivyo unaamka saa kumi.

Saa hizi ni zangu, mtu wa miaka arobaini na kitu mwenye magoti ya kawaida. Kama kundi lako lina mzito, ongeza nusu saa kila kipande, na uamke mapema zaidi. Mwambie askari hesabu hii jana yake jioni mbele ya kila mtu. Ukisema, "Afande, saa sita tunageuka hata kama hatujafika," yeye atakuwa upande wako saa hiyo ikifika na wenzako wakaanza kuomba dakika kumi.

Mwendo wa alfajiri ni kupita kwenye mimea ambayo haifanani na kitu cha nyumbani. Utaona nguzo ndefu kuliko mtu, zimevishwa majani makavu kama koti kuukuu, na juu kichwa kama kabichi kubwa. Majani yale makavu hayaanguki, ndiyo blanketi la mmea dhidi ya jalidi. Kabichi lenyewe hujifunga usiku na kufunguka jua likichomoza, na ukitulia utaona majani ya pembeni yakiwa bado na barafu huku ya katikati ni makavu. Mmea mwingine, lobelia, husimama kando kama mishumaa. Usivunje kitu, mimea hii hukua polepole sana.

Ukifika ukingoni, Koitoboss kitakuwa hapo kando, kinakuita. Angalia saa. Kama ni kabla ya saa mbili na una mtu anayekitaka kwa moyo wote, mpe askari wa pili ampeleke, kundi lisigawanyike bila askari. Kama ni saa mbili na nusu, kiage. Ukingoni pia ndipo simu yako huenda ikalia na ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Zima data kabla hujalipishwa.

Kushuka ndani ya kasoko kunaanza kwa mawe kisha kunaingia kwenye nyasi za mafundo. Kila fundo ni kama kichwa cha mtu, na kati yake kuna matope. Ukikanyaga juu ya fundo linapinda, ukikanyaga kati unazama. Kanyaga pembeni mwa fundo, fimbo mbele. Hapa ndipo vifundo vya miguu huteguka, na kumbeba mtu kutoka ndani ya kasoko si mchezo.

Kwenye maji

Utasikia mto kabla ya kuona kitu. Maji moto yanatokea kando ya Suam, na nyuzijoto 48 ni moto wa kuunguza. Wa kwanza katika kundi letu, kijana mwenye haraka, aliingiza mguu mzima akautoa na neno ambalo siwezi kuliandika. Fanya kama mama anavyopima maji ya mtoto: ingiza kiwiko kwanza. Kisha tafuta mahali maji moto yanapochanganyika na maji baridi ya mto, usogee kidogo kidogo mpaka upate nafasi yako. Ukisogea upande mmoja hatua moja, paja moja linaungua na jingine linaganda. Mimi huhamisha jiwe moja au mawili kuelekeza maji, na kuyarudisha yalipokuwa kabla ya kuondoka.

Sabuni hapana, hata ile ya "asili". Maji haya yanateremka korongoni, yanakuwa Turkwel, yanaingia bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1991, na mabaki yake yanaelekea Ziwa Turkana. Kuna watu na ng'ombe njia yote.

Usikae ndani zaidi ya dakika kumi na tano kwa mkupuo mmoja. Kwenye kimo hiki, maji moto hushusha nguvu na kufungua mishipa, ukisimama ghafla kichwa kinazunguka. Toka polepole, kaa kwenye jiwe, kunywa maji. Na sasa ile nguo kavu: jifute mpaka ukauke, vaa kavu kuanzia ndani hadi nje, kofia kichwani, kabla hujagusa chakula. Upepo wa kasoko ukikukuta na nguo mbichi, utapanda ukitetemeka saa tatu nzima. Niliona mtu mzima akishindwa kufunga kamba za viatu vyake kwa sababu vidole vimegoma, na alikuwa ameogelea dakika ishirini tu akiwa amevaa fulana.

Mko mpakani hapo. Kuvuka hatua kadhaa ukifuata maji hakuna wa kukushika shati, lakini kuendelea mbele kutokea Uganda bila mpango ni kosa.

Korongo

Mashariki ya chemchemi mto unaingia Korongo la Suam, ufa ambao maji yameukata kwenye ukuta wa kasoko. Litazame kutoka juu, na uishie hapo. Kutoka majini wengi hushawishika kulifuata "kidogo tu" kwa sababu mteremko unaonekana laini. Hakuna njia iliyowekwa alama, kuta ni za kusimama, na mvua ikinyesha juu ya kasoko yote inatafuta tundu hilo hilo moja. Dakika ishirini za kutazama ukiwa umekaa zinatosha. Mara nyingi utaona ndege wawindaji wakizunguka chini yako, ukiwaangalia migongo, jambo ambalo si la kila siku.

Ukipendelea kuingilia Uganda

Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo: unalala njiani siku kadhaa, mwili unazoea kimo, na maji moto yanakuwa pumziko la katikati badala ya mbio za siku moja. Anzia Mbale. Njia ya Sasa kutoka Budadiri ni fupi na kali, inafaa anayetaka Wagagai. Njia ya Piswa kutoka Kapkwata ni ndefu, ya upole, na ndiyo inayoweza kupangwa ipitie maji moto. Mambo yote hupangwa na ofisi za UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, pamoja na mwongozaji na wapagazi. Ukiwa Mbale usiondoke bila kula malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa kwa rojo ya karanga. Ladha yake ya moshi itakukumbusha jiko la bibi, hata kama bibi yako hakuwahi kuona mwanzi.

Kupanda nchi moja na kushuka nyingine kunawezekana, kwa kuarifu KWS na UWA wote wawili mapema na kugonga mihuri ya uhamiaji. Wakenya na Waganda huvuka kwa kitambulisho, wengine wabebe pasipoti hadi juu mlimani, ndani ya plastiki.

Kuteremka

Jioni ya siku ya tatu usilale tena juu kama una gari. Shuka hadi Kapkuro, dereva akiwa ndiye pekee aliyelala mchana. Msituni mwendeshe taratibu, taa za chini, kwa sababu saa moja usiku ndovu huwa wameanza kuelekea mapangoni na barabara ni yao pia. Wakisimama mbele, zima injini usubiri. Usipige honi wala usirudi nyuma kwa kasi.

Asubuhi yake, lipa askari heshima yake, uchukue taka zako zote, maganda ya mayai yakiwemo, na ushuke Endebess. Kuna vibanda pale stendi vya chai ya maziwa na mandazi asubuhi mapema. Mara ya mwisho mama aliyetupimia chai alitazama viatu vyetu, akauliza, "Mmetoka kwa maji?" Tukasema ndiyo. Akajaza vikombe mara ya pili bila kuulizwa, akasema bado harufu ya moshi haijatutoka, na wenye kutoka majini huwa wananukia vizuri zaidi. Tulikuwa tumepika kwa gesi. Hadi leo sijui moshi ule tuliutoa wapi, labda dereva.